Fundi wa Uzio Apimwe na Mvua

Songea ina msimu mmoja wa mvua, mrefu na mzito. Huanza Novemba mwishoni au Desemba, na hauachi mpaka Aprili. Baada ya hapo ni kiangazi: mahindi yanavunwa na kuuzwa, fedha inaonekana mikononi, na kuanzia Mshangano hadi Ruhuwiko malori ya mchanga hayapumziki. Nyumba huwa imetafutiwa fundi kwa miezi, kwa kuulizia huku na huku. Lakini uzio, ambao huja mwisho mfuko ukiwa umeshakonda, hupewa yeyote aliyepita na mwiko mkononi. Halafu Januari inafika.

Ni nani basi wa kupewa kazi hiyo? Nimeligawa swali kwa watu wanne ambao msomaji wa Songea atawatambua bila kutajiwa majina. Mwalimu ni mstaafu wa Mjimwema, mtu wa karatasi na mihuri. Fundi ni mwashi aliyefundishwa na mjomba wake; hana cheti hata kimoja, na kuta zake zimesimama Bombambili na Lizaboni. Mama ana kiwanja Mshangano, na ukuta wake wa kwanza ulilala chini. Binti amehitimu uashi VETA, hapahapa Songea. Mimi nitaingia pale nitakaposhindwa kunyamaza.

MWALIMU: Sioni mjadala uko wapi. Nchi ina Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1997. Makandarasi wa majengo wamepangwa kwenye madaraja saba, na hata wa daraja la saba, la chini kabisa, ukuta wa kiwanja hauwashindi. Wana ofisi, wana namba ya mlipakodi, wana jina la kulinda. Mtu aliyejinyima miaka ili ajenge ukuta anamkabidhije mtu wa kijiweni?

FUNDI: Shikamoo, Mwalimu.

MWALIMU: Marahaba, fundi.

FUNDI: Kwa heshima yako, mkandarasi ukimpa ukuta wa mita mia, unadhani atashika mwiko yeye? Atakuja kunitafuta mimi, palepale kijiweni. Atatoa chake kwanza, kinachobaki ndiyo changu, na kwa kuwa kimebaki kidogo nitaharakisha niende saiti nyingine. Wewe utakuwa umelipia ofisi. Ukuta utakuwa wangu.

MWALIMU: Lakini ukianguka najua nibishe mlango gani.

MAMA: Hapo Mwalimu ana neno. Yule wangu, mlango wake siujui mpaka leo.

MWALIMU: Ulimpataje, mama?

MAMA: Shemeji yangu ndiye aliyemleta. "Huyu ni mtu wetu," akaniambia. Sikuandika kitu, mtu wetu ningemwandikishaje? Alitaka nusu mkononi, nikampa. Kazi aliifanya upesi kweli, Novemba inaingia ukuta uko juu, nikammalizia iliyobaki. Januari, usiku wa mvua, upande wa nyuma wote ukalala. Nilimpigia simu ikaita, kesho yake haikuita tena. Shemeji naye ananigeuka: unajua shemeji, yule mimi simjui sana.

FUNDI: Upande huo wa nyuma ndio wa mlimani?

MAMA: Ndiyo.

FUNDI: Aliacha matundu chini, maji yapite?

MAMA: Matundu ningeyajulia wapi mimi?

FUNDI: Udongo wetu huu mwekundu ukishiba maji ni mzito mno, unasukuma. Ukuta usio na pa kuyatolea unageuka bwawa. Na tofali zilijengewa nini?

MAMA: Alisema saruji. Tulipozoa kifusi, ndani tulikuta tope. Saruji ilikuwa nje tu, kwenye viungo vinavyoonekana na macho.

BINTI: Naomba niongeze. Watu hudhani ukuta wa uzio ni rahisi kuliko wa nyumba, kumbe kinyume chake. Ukuta wa nyumba unashikwa na kuta wenzake, na juu kuna paa. Uzio umesimama peke yake, upepo huku, maji kule. Ndiyo maana unahitaji nguzo kila baada ya mita tatu hivi. Ukiwa mrefu unakatwa, unaachiwa mwanya mwembamba kila baada ya mita sita au zaidi kidogo, uweze kutanuka na kusinyaa bila kupasuka. Na msingi uchimbwe mpaka udongo mgumu, siyo mpaka fundi achoke.

FUNDI: Hilo la mwisho limenipata, binti yangu.

BINTI: Sikukusudia wewe, baba.

FUNDI: Hayo yote nayajua, na darasani sijakaa. Timazi ninayo, pimamaji ninayo, kamba ninayo. Taabu yangu ni mwenye nyumba. Ananiambia, fundi, hizo nguzo punguza, weka moja kila mita tano. Fundi, mfuko mmoja wa saruji utoshe toroli tano za mchanga badala ya tatu. Nikikataa anamwita mwingine. Nikikubali, siku ukuta unapasuka mimi ndiye fundi maiko.

Hapa Fundi kasema kitu ambacho wenye viwanja hatupendi kukisikia. Kuta nyingi mbovu za mji huu zina wazazi wawili, na mmoja wao ni yule aliyeshika pochi. Lakini turudi kwenye swali la nani apewe kazi, maana mabishano ya cheti na uzoefu yanaweza kuendelea mpaka usiku. Cheti kinasema mtu alifundishwa. Sifa ya jirani, au ya shemeji, inasema mtu anapendwa. Vyote viwili ni ahadi. Ukuta wenyewe umevumilia nini?

MWANDISHI: Songea tuna mtahini wa bure anayekuja kila mwaka. Hoja yangu ni kwamba fundi wa uzio atafutwe Machi na Aprili, mvua zikiwa bado zipo, na kazi ianze Juni. Watu wengi humtafuta Julai au Agosti, wakati ambao kila ukuta mjini unang'aa.

MWALIMU: Atafutwe kwa macho, au aulizwe nini?

MWANDISHI: Kwa macho kwanza. Fundi akutajie kuta zake, ukazione bila yeye. Nenda kwenye zile zilizo mtelemkoni, mvua ikiwa imekatika muda si mrefu, uone kama maji yanatoka kwenye matundu au yamejikusanya nyuma. Tazama nguzo za geti. Geti la chuma ni zito, kila likifunguliwa linavuta nguzo, na nguzo isiyo na nondo za kutosha husema ukweli mapema: ufa wa kusimama unaanzia kwenye bawaba, geti linaanza kukwaruza chini, na mwenye nyumba anaanza kulifungua kwa kulinyanyua. Ukiona mtu ananyanyua geti lake ili liingie, umeshajibiwa. Kisha mwenye ukuta usimuulize kama fundi ni mzuri, kwa sababu atakujibu kwa adabu. Muulize: ulipomwita baada ya kumlipa, alirudi?

FUNDI: Na uwe ukuta wenye mvua mbili au tatu, siyo wa mwaka jana tu.

BINTI: Sasa mimi? Nimehitimu juzi. Nina ukuta gani wa kuwaonyesha?

FUNDI: Njoo tufanye kazi pamoja.

BINTI: Kama fundi, au kama wa kuchota maji na kukoroga zege? Wenzangu wa kike wengi wanaishia hapo. Mkitaka kila mtu aje na ukuta wa mvua tatu, kazi zitabaki kwa walewale. Nipeni kipimo kingine. Nipimeni kwa hesabu.

MWALIMU: Haya. Kiwanja cha mita 20 kwa 30.

BINTI: Mzunguko ni mita 100. Toa geti la mita 4, zinabaki 96. Ukuta ukiwa na kimo cha mita 2, ni mita za mraba 192. Tofali la saruji la sentimita 45 kwa 22.5, ukihesabu na viungo vyake, huingia kama 10 kwenye mita moja ya mraba. Kwa hiyo ni karibu 1,920. Ongeza za kuvunjika na kukatwa, agiza 2,000, mbali na za msingi. Kama ni tofali za kuchoma, kila tanuri lina kipimo chake, basi ninapima kwanza tofali za tanuri hilo ndipo nikupe idadi.

FUNDI: Mimi huwa natamka elfu mbili kwa macho tu.

MAMA: Mimi niliambiwa elfu mbili na mia nane, na kiwanja ni hichohicho cha 20 kwa 30. Zilizobaki sikuziona zikibaki.

Nilimpa Binti alama zote. Hoja yake kwamba kipimo changu kinawafungia mlango wanaoanza ina haki ndani yake, na kipimo chake kinafaa hata kwa wakongwe: fundi asiyeweza kukuandikia hesabu ya tofali, saruji, kokoto na nondo kabla jembe halijagusa udongo, asiguse udongo wako. Anayeanza apewe upande tambarare au uzio mdogo, chini ya macho ya mwenye uzoefu, na ahesabiwe kama fundi, alipwe kama fundi. Binti naye alikuwa na neno kwa Fundi, kwamba VETA inarasimisha ujuzi wa watu waliojifunza kazi mtaani: wanapimwa walivyo, wanaongezewa kinachopungua, wanapata cheti bila kuanza moja. Fundi akasema atafikiri. Anasema hivyo kila mwaka.

MWALIMU: Vifaa anunue nani? Mimi nasema mwenye mali, na ashike risiti zake. Mali bila daftari huisha bila habari.

FUNDI: Nunua wewe, nitashukuru, utaniondolea lawama. Lakini basi uwepo. Mchanga ukikosekana asubuhi, mimi na saidia fundi wangu wawili tunakaa kivulini, na jioni wao wanataka chao. Wao hula kwa siku, mimi nala kwa kazi.

MAMA: Na zile nusu mnazozitaka mkononi?

FUNDI: Nusu ni nyingi, mama, nakubali. Anayedai nusu kabla ya kuchimba ana deni mahali, na kiwanja chako ndicho kitakacholilipa. Mimi nataka hela ya kuanzia, ya vijana kula wiki ya kwanza. Msingi ukiisha ukaukagua, nipe ya msingi. Kozi zikifika nusu, nipe. Mkanda wa juu ukimwagwa, nipe. Geti likining'inia sawa, tumalizane. Ila ukinikagua Jumatatu unilipe Jumatatu. Wenye nyumba wanajua sana kukagua, kulipa wanasema wiki ijayo.

MWALIMU: Alipwe kwa simu. Ujumbe wa muamala unabaki, una tarehe na jina.

FUNDI: Kwa simu sawa, na ya kutolea mweke.

MAMA: Fundi, nikuulize kitu kimoja. Kwa nini Desemba mnaacha saiti za watu? Kila fundi ana msiba Desemba.

FUNDI: Mama, Desemba mimi ni mkulima. Mahindi hayasubiri ukuta. Nikikwambia nakwenda kupanda utasema sina nidhamu. Nikikwambia msiba, utanichangia.

MAMA: Nilichanga!

MWALIMU: Ndiyo maana nasema iandikwe. Sheria ya Mikataba inatambua hata makubaliano ya mdomo, lakini mdomo hauna kumbukumbu. Ukurasa mmoja unatosha: urefu, kimo, aina ya tofali, uwiano wa saruji na mchanga, matundu ya maji, nani ananunua nini, malipo kwa hatua, tarehe ya kumaliza, na kilimo kiandikwe humohumo kama kipo. Shahidi wa kila upande atie sahihi, na nakala moja ikae kwa mtendaji wa mtaa. Na kuwe na fedha ya kushikilia. Asilimia kumi ibaki mpaka Aprili, mvua zikiisha ukuta umesimama, alipwe.

FUNDI: Hapo ndipo tunapoachana. Nile nini mpaka Aprili? Na huyo mwenye nyumba Aprili atanikumbuka?

MWALIMU: Serikali inafanya hivyohivyo kwa makandarasi wakubwa.

FUNDI: Mkandarasi mkubwa ana benki. Mimi nina mke, watoto na mjomba wangu mzee.

BINTI: Ishikwe na mtu wa tatu. Siyo mwenye nyumba, siyo fundi.

FUNDI: Mtu wa tatu huyo tumchague wote wawili, na asilimia iwe tano. Hapo nitasaini.

Mwalimu alisema tano ni kidogo. Mimi nasimama na Fundi kwenye tano, na ninasimama na Mwalimu kwamba lazima iwepo, hasa kwa kiwanja cha mtelemkoni. Fundi anayejua kuna kitu chake kinamsubiri Aprili huweka matundu bila kukumbushwa.

Kuna jambo ambalo hakuna fundi atakayekuokoa nalo, awe na cheti au asiwe nacho.

FUNDI: Mipaka. Mimi nachimba ninapoonyeshwa.

MWALIMU: Na mwenye kiwanja anaonyesha kwa kidole! Kiwanja kilichopimwa kina bikoni, zege dogo lenye chuma na namba yake. Nimeona mafundi wakiing'oa ili msingi unyooke. Hapo umemfutia mwenye kiwanja ushahidi wake. Kama haionekani, alipwe mpima ardhi aifufue kabla ya kuchimba. Kisha majirani waitwe, mwenyekiti wa mtaa awepo, kamba ivutwe wote wakiwa wanatazama.

MAMA: Jirani akikataa je?

MWALIMU: Bora akatae siku ya kamba kuliko siku ya lipu. Baraza la kata, tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, kazi yake kwenye ardhi ni kupatanisha tu. Mkishindwana hapo mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na huko ukuta unaweza kusimama nusu kwa miaka. Halafu kuna barabara. Anayejenga kando ya barabara kuu ya kwenda Njombe asome Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 na kanuni zake: mita 30 kila upande kutoka katikati ni hifadhi. Ile X nyekundu ya TANROADS haiulizi fundi alikuwa nani. Mabondeni nako, Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa mto. Na kibali cha ujenzi cha Manispaa ni cha uzio pia.

FUNDI: Mimi sasa nauliza kibali kwanza. Nilishawahi kusimamishwa nikiwa kozi ya nne, mwenye nyumba akaniambia nimpe muda. Muda huo sikulipwa.

MWANDISHI: Mama, mara ya pili ulijenga nini?

MAMA: Mbele na ubavuni, ukuta. Nyuma kule mlimani niliweka waya wa fensi kwenye nguzo za zege, na michongoma kwa ndani. Maji yanapita yatakavyo.

FUNDI: Mama amekuwa injinia.

Simwoni mtu aliyejibu vizuri kuliko Mama, na jibu lake limenifanya nijiulize kwa nini tunang'ang'ania ukuta pande zote nne, na vipande vya chupa juu yake kama vile kila jirani ni mwizi. Waya una mambo yake pia. Dukani watakuuliza geji, na namba ikiwa kubwa waya ni mwembamba: geji 16 ni nyembamba kuliko 12, kinyume na watu wanavyodhani, na wako wauzaji wasio na haraka ya kukusahihisha. Nguzo ya mita 2.4 izame ardhini angalau sentimita 60, na za kona ziegemezwe, kwani ndizo zinazovutwa. Mabanzi na nguzo za miti ni nafuu na huku kwetu yanapatikana, lakini mchwa wanayajua. Oili chafu huwachelewesha tu. Michongoma inahitaji subira na mkasi.

BINTI: Na kwa uzio wa waya fundi hachaguliwi vilevile?

FUNDI: Vilevile. Tikisa nguzo ya kona aliyoiweka mwaka juzi. Ikicheza, rudi nyumbani.

Msomaji unayepanga kujenga kiangazi kijacho, nakuomba utembee Msamala, Lizaboni au popote ulipo sasa, wakati mvua bado haijaisha, uulize kuta unazoziona ni za nani na nani alizijenga. Usisubiri zikauke. Ifikapo Mei wenye nyumba huziba nyufa kwa lipu, wanapaka rangi, na kuta mbovu na nzima hazitofautiani tena kwa macho.